Kimya cha siku ya kupamba

Kibokoni, Mombasa
Jumapili

Mwandani wangu Rukia,

Salamu sana, na mama naye nisalimie. Nimechelewa kukujibu, ila si kwa kukupuuza. Uliniuliza siku ya kupamba dada yako nilikuwa na nini hata nikaondoka bila kuaga, na swali hilo nimekaa nalo siku kumi na moja. Najua wako waliosema naringa. Yamenifikia.

Ni ule usonji wangu, Rukia, hii akili inayopokea sauti na nyuso kwa namna yake. Ilikuwa hivi. Spika zilipoanza, kila kitu kilinijia kwa nguvu moja: ngoma, moshi wa udi, asmini za vikuba, vikuku vya shangazi yako, mtoto aliyekuwa akilia barazani, na ile feni ya pembeni inayogonga kila ikizunguka. Masikio yako wewe yana mlango. Unalolitaka linaingia, mengine yanabaki nje. Yangu hayana. Sauti yako na ya feni zilikuwa sawa. Kisha ukaniinamia ukasema neno, ukataka nikutazame usoni. Rukia, nikitazama macho ya mtu, maneno yake yananipotea. Nikatazama mkufu wako ili nikusikie, nawe ukaona nimekasirika.

Nilitoka nikaenda mpaka ukutani kwa Ngome ya Yesu nikasimama. Sikulia. Sikujua hata nina nini. Kwangu huzuni, hofu na njaa huanzia mahali pamoja, hapa chini ya mbavu, na hakuna inayojitaja jina. Ndipo ushairi unaponifaa. Marehemu babu alinifunza mizani, yaani hesabu ya silabi za mstari, nikiwa mdogo, nane kwa nane, na mpaka leo kuhesabu ndiko kunakonituliza kwanza, halafu ndiko kunakoniuliza.

Usiku ule nilianza hivi: "Nimechoka na kelele". Mizani nane, umekaa sawasawa, lakini ni uongo. Sikuchoka. Nilitaka kubaki, nilitaka sana kumwona bibi harusi akiingizwa. Nikaufuta. Nikaandika "Naogopa watu wengi", nane tena, na huo nao uongo, maana watu wa kwenu nawapenda. Siku nne naandika nafuta, mpaka ukaja huu:

*Kelele zaja pamoja, si moja wala si mbili,*
*Ngoma, feni, hata hoja, zapita ndani ya mwili,*
*Mwaniona ninangoja, kumbe nimekwenda mbali,*
*Debe likijaa maji, halisikiki mlio.*

Nilipoufikia ule mstari wa mwisho nilijua ndio niliokuwa nikiutafuta ukutani. Tena itazame ile m ya "mlio": inahesabiwa peke yake, ilhali ya "mbali" imeshikana na b. Usipoihesabu, mstari unachechemea. Jambo dogo kama hilo linaweza kunifurahisha kutwa nzima, na furaha yake ni kubwa kweli, Rukia, nayo pia uijue. Si mateso matupu humu ndani.

Uliuliza pia useme Asperger au usonji. Nilipopimwa mwaka 2011 daktari aliandika Asperger, jina la daktari wa watoto wa Vienna aliyeandika habari za watoto wa namna yangu mwaka 1944. Miaka miwili baada ya mimi kupimwa, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukaliondoa jina hilo, sote tukawekwa chini ya usonji. Mimi nasema usonji. Lina mizani tatu, linaingia kwenye ubeti bila kusukumwa.

Ubeti huu mpe dada yako, lakini usimsomee. Mwache ausome mwenyewe, taratibu, kisha mwambie namuomba radhi kwa kutoaga.

Alhamisi nitakuja baada ya alasiri, watoto wakiwa madrasani. Tukae barazani. Ukiniona natazama sakafu nawe unazungumza, usinyamaze, endelea; nitakuwa nakusikia kila neno.

Wako akupendaye,
Mwanaisha