Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: tunaomba majina ya askari wa Saio

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani,

Najua vita ya sasa haikupi usingizi, nasi pia. Hata hivyo naomba unisikilize juu ya wafu wa zamani.

Hapa Bukavu hata mtoto anaijua Kambi Saio, kambi ya jeshi. Wachache wanajua kwamba Saio ni mji wa Ethiopia, ambako tarehe 3 Julai 1941 majenerali wa Italia walisalimu amri mbele ya askari wa Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, wana wa Kongo.

Babu yangu alikuwa katika safari ile. Alikuwa mkulima wa upande wa Walungu. Shefu alitakiwa kutoa vijana, naye akatolewa. Utumishi ulikuwa miaka 7. Siku waliyomfuata alikuwa anachonga mpini wa jembe. Bibi aliumalizia mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akalimia jembe hilo mpaka uzeeni. Nimeushika mpini huo. Nusu yake ni laini, kazi ya panga la babu. Nusu ya pili ina alama za kisu, fupifupi, hadi leo.

Saio hakufika. Walipitia Sudan, wakapigana Asosa na Gambela mwezi wa Machi, kisha masika yakafunga njia, chakula kikapungua, maradhi yakaingia. Mwenzake aliyerudi alimwambia bibi kwamba aliharisha damu siku 5, wakamzika kando ya njia. Karatasi haikuja. Pesa haikuja. Bibi hakujua hata ahesabu matanga kuanzia siku gani.

Jina la mkubwa wao, Jenerali Gilliaert, liko vitabuni. La babu yangu liko wapi? Mtu aliyeacha shamba lake akafia vita ya Wazungu, kwa tumbo, mbali na mkewe, astahili kuandikwa.

Nyaraka nyingi za ukoloni zimehifadhiwa Brussels, Ubelgiji. Mimi nikiomba peke yangu nani atanijibu? Serikali ikiomba, watasikiliza. Tuletewe orodha ya waliokufa, na matrikili zao, yaani namba zao za jeshi, na vijiji vyao. Isomwe vijijini kwa lugha za wenyewe, kisha majina yaandikwe penye lango la Kambi Saio.

Baba yangu, aliyeachwa mgongoni mwa mama yake, amepita miaka 80. Macho yamekwisha, masikio bado yapo. Ninaomba orodha hiyo ije upesi, nimsomee.

Mjukuu wa askari, Bukavu