Mubirizi wa mama

Mapendo,

Jambo sana mama Gloire. Hapa Bukavu tuko, watoto wazima, mvua haitupi nafasi na njia ya kwenda Kadutu ni tope tupu. Tuyaache hayo.

Ujumbe wako Furaha ameufikisha, kwamba mama mzee ana homa na unataka mubirizi, ule mmea wetu mchungu wa dawa, umnyweshe. Majani ya mubirizi yanakuja Goma na boti ya kesho. Nimeyafunga kwenye gazeti, maana ndani ya plastiki yanatoa jasho na kuoza. Sokoni walitaka kuniuzia makavu, nikakataa. Haya nimeyachuma mabichi kwenye ua wa jirani. Yafikiche kwenye maji baridi mpaka yatoe povu la kijani kama la sabuni, kisha uchuje. Na bugali usile kwa mkono huo, uchungu unaganda kwenye vidole!

Lakini hiyo homa ya mama "inayoenda na kurudi", amepimwa damu? Usinielewe vibaya. Mubirizi umetulea: minyoo, tumbo, homa, kikombe kilikuwa kilekile, na kofi kwa anayetema. Hata sokwe wa milima ya Mahale, kule Tanzania, wanaujua. Mwaka 1989 watafiti waliandika juu ya mmoja aliyekuwa mgonjwa: alimenya shina, akatafuna kiini chake, akafyonza maji na kutema makapi. Kesho yake alikuwa na nguvu. Sawa, ila sokwe hana kituo cha afya mtaani. Mama anacho.

(Jirani yetu Mkameruni anayaosha majani hayo weee, anayapika na karanga, anayaita ndole. Nilikula, nikasifu. Ningefanya nini?)

Narudi kwa mama. Kama ni malaria, kwa umri wake haifai kungoja. Na kuna vile vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari! Mubirizi wenyewe watu wanaunywa ili kushusha sukari. Akichanganya vyote bila kula chakula, si ataanguka hapo jikoni? Mwambieni muganga wa kituo anachokunywa, msimfiche kwa haya.

Homa ilianza lini hasa? Anakula? Anatapika? Vidonge bado anameza kila asubuhi, au ameacha tena kwa siri? Na kaka yako wa Lubumbashi ametuma pesa ya vipimo, au ni zile ahadi zake? Nijibu kabla hujamnywesha, tafadhali. Gazeti unaweza kulifungua, kikombe kingoje.

Wako,
Sifa