Fomu zinawafukuza vijana wasio na makaratasi

Mhariri,

Nimesoma makala yenu inayosifu ushauri nasaha wa mtandaoni kwa vijana wetu walioko Marekani. Sifa wanastahili, ila wapo vijana ambao huduma hiyo haiwafikii kabisa: walioletwa wadogo, viza za wazazi zikaisha, wakabaki bila makaratasi, yaani kibali cha kuishi nchini.

Hapa Dallas nasaidia vijana wa kanisani kwetu. Mmoja wao, mwenye miaka 17, hapati usingizi tangu mjomba wake akamatwe na maofisa wa uhamiaji. Nilimshawishi ajaribu programu moja ya ushauri. Ukurasa wa kwanza ulitaka jina kamili, anwani, kadi ya bima na namba ya Social Security, ile ya utambulisho inayotolewa na serikali, kila kisanduku kikiwa na kinyota chekundu cha lazima. Akazima simu. Bima hana, na sheria haimruhusu kununua ya Obamacare, soko la bima za afya la serikali, hata kwa fedha yake. DACA ya mwaka 2012, mpango wa kuwakinga na kufukuzwa nchini walioletwa wadogo, inadai uwe umeishi nchini tangu Juni 2007. Yeye alikuwa hajazaliwa. Na anwani ile ndipo anapolala mama yake, asiye na makaratasi pia.

Tusiwaambie kwamba wanaogopa bure. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa Facebook na wengine taarifa za wateja wake.

Mshauri ana leseni ya jimbo, kwa hiyo lazima ajue mteja yuko jimbo gani. Basi aulize jimbo, jina la kuitwa, na simu ya mtu mzima ambaye kijana anamwamini likitokea la hatari. Mengine yangoje. Mazungumzo yawe ya kuandikiana pia, maana anayelala chumba kimoja na wadogo zake hawezi kusema kwa sauti yanayomsibu. Na kabla ya swali lolote, aelezwe kwa Kiswahili chepesi nani atasoma majibu yake na yatafutwa lini.

Namba ya dharura ya 988, ya Marekani kwa aliyezidiwa na mawazo au anayefikiria kujiua, haiulizi makaratasi, na unaweza kuipigia au kuiandikia saa yoyote. Wazazi wengi hapa hawalijui hilo. Naomba mlichapishe, na washauri wetu wenye leseni wanaosoma gazeti hili wazipitie fomu zao wiki hii.

Msomaji wenu,
Dallas, Texas