Toroli la maji: Jumamosi Buguruni

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakutana palepale Buguruni, tumalizie toroli la kubebea madumu.

Jambo moja nalisisitiza. Toroli la kwanza lilipinda ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu, kwa sababu magurudumu ya baiskeli tuliyabana upande mmoja tu. Ekseli ya baiskeli imetengenezwa ikae katikati ya uma, yaani ile miguu miwili ya fremu inayoshika gurudumu, ibanwe kushoto na kulia. Ukiiacha ininginie upande mmoja, madumu manne ya lita 20, yaani kilo 80 na zaidi, yanaikunja kwenye shimo la kwanza. Iliniuma sana kumwona mama wa watu amekwama njiani na maji yake. Safari hii kila gurudumu lishikwe pande zote mbili. Vipande vya fremu kuukuu vinatosha, msinunue chuma kipya.

Rimu ziwe inchi 26 zote. Gongeni spoku moja moja kwa kidole, iliyolegea utaisikia. Gololi zioshwe kwa mafuta ya taa kabla ya grisi mpya. Mwenye uma wa mbele uliopinda asiutupe, ncha zake tutazikata tuzitumie.

Watoto waje, ila wakae mbali na anayechomelea. Nani ana spana namba 15?