Mlisahau kututajia dawa ya prosesa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wa Jumamosi iliyopita ulitushauri wenye kompyuta za mezani tusafishe wenyewe feni ya prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Ushauri mzuri. Nina steshenari hapa Dodoma, na habari za vumbi la mwezi wa tisa sina haja ya kusimuliwa. Jumapili baada ya ibada nikafungua kava, nikang'oa feni pamoja na bati lake la kupozea, nikapiga brashi ya rangi mpaka likang'aa. Chini ya bati palikuwa na utando wa kijivu uliokauka kama ugali wa jana. Nikaukwangua wote kwa kitambaa, nikijisifu kwa usafi.

Jumatatu asubuhi, wanafunzi wamepanga foleni na flashi zao mkononi, mashine inawaka, inaonyesha picha, dakika mbili hazijatimia inazima kimya. Nawasha tena, sasa inazima mapema zaidi. Kwanza nikawasingizia watu wa umeme. Nikabadilisha waya, nikachomoa rami, kile kibao cha kumbukumbu, na kuirudisha, wapi.

Fundi wa kwanza hakuligusa hata bati. Alisikiliza maelezo yangu, akatikisa kichwa: "Mama, mazabodi imekufa." Yaani ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Akataka laki moja na themanini.

Aliyeniokoa ni kijana anayesoma ufundi, mteja wangu wa fotokopi. Aliwasha mashine, akasubiri izime, akaweka kidole juu ya bati. Baridi! "Mama, prosesa inaungua na bati halina habari," akasema. Akaingia kwenye ile kurasa ya mipangilio kabla Windows haijaamka, tukashuhudia joto likipanda kupita nyuzi 90 huku hatujafungua programu yoyote. Mashine ilikuwa inajizima ili isiungue.

Makosa yalikuwa mawili. Ule utando wa kijivu si uchafu, ni dawa inayoziba mianya midogo kati ya prosesa na bati ili joto lipite. Ya zamani ikishakauka ni kweli unaitoa, lakini lazima upake mpya. La pili, bati langu linashikwa na vipini vinne vya plastiki, na kimoja hakikuingia sawasawa, kwa hiyo bati lilikaa upande. Kijana aliisafisha prosesa kwa spiriti, akadondosha dawa kiasi cha punje ya njegere katikati, akavibana vipini kwa mshazari, huku na kule, mpaka kila kimoja kikalia "tak". Kichupa cha dawa kilinigharimu shilingi elfu sita. Akanionya pia nikisafisha feni niizuie kwa kidole isizunguke ovyo kwa upepo wa bloa, na waya wake nisisahau kuurudisha kwenye tundu lake.

Mhariri, maelezo yenu yalijaa nusu ukurasa, mkatuambia hadi aina ya brashi, lakini dawa hamkuitaja hata kwa neno moja. Naomba toleo lijalo mwongeze mistari miwili tu, kabla wengine hawajanunua mazabodi wasizozihitaji.

Yangu, ile "iliyokufa", ndiyo niliyochapia barua hii.

Mama Steshenari,
Dodoma