Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanamuziki,

Tamasha la Nanenane, semina ya hakimiliki, misiba miwili na ukarabati wa ofisi yetu hapa Morogoro mnavifahamu, sitavirudia.

Niingie kwenye yale yanayosemwa pembeni, kwamba mwenyekiti amewauza wasanii kwa wenye vibanda vya kuingiza nyimbo, wale wanaowajazia watu nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo. Mimi ndiye niliyekwenda kuripoti polisi, kwa nauli yangu. Pale stendi ya Msamvu kijana alinijazia memori kadi nyimbo 300 kwa shilingi 1,000. Humo nilikuta albamu nzima ya mwenzetu, jina lake limefutwa, kila wimbo umebaki namba tu. Miezi minane ya studio ile! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, na kesi ilifunguliwa. Lakini mwenye wimbo lazima asimame mahakamani aseme huu ni wangu. Niliita mashahidi sita, mara tatu. Alifika mmoja. Kesi ikafutwa.

Baada ya hapo kamati iliamua kila kibanda kilipe shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa nyimbo za wanachama waliotia saini tu. Vibanda 19 vimelipa miezi sita, jumla shilingi 1,140,000; matumizi 310,000; salio 830,000 lipo benki na stakabadhi zote anazo mweka hazina. Hatukuhalalisha wizi. Ukimfunga mwenye kibanda leo, kesho mdogo wake anawasha kompyuta ileile, na wewe hujapata kitu.

Wanaolalamika leo, mkutano wa Juni uliopitisha jambo hili hawakuuona. Tuliuahirisha mara mbili, mara ya tatu wakaja watu 11. Kati ya wanachama 84, waliomaliza ada ni 27. Ada yenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi! Inaniuma, kwa sababu chama kisicho na nauli ya shahidi hakiwezi kumtisha mwizi.

Serikali iliweka tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa. Nawaomba sana msajili nyimbo zenu. Bila usajili tutadai mgao wa tozo hiyo kwa lipi?

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mwanasheria wetu na kuongeza vibanda.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti