Mtoto anayesoma nyumbani akipanda jukwaani, nani anamlinda?

Kwa Mhariri,

Hivi majuzi msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu akiwashutumu wazazi Wakristo ambao, kwa maneno yake, huwaweka watoto nyumbani ili wasichafuliwe na dunia, kisha wao wenyewe wakawakabidhi kwa dunia hiyo hiyo kwa kuwaruhusu waigize. Alitaja Warumi 12:2, unaotuonya tusiifuatishe namna ya dunia hii, akauliza kama wazazi wa aina hiyo wanalea kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya makofi. Mimi na mume wangu ni wazazi wa aina hiyo. Tunawasomesha watoto wetu nyumbani hapa Nakuru, tu washirika wa kanisa la kiinjili, na binti yetu wa miaka 14 anaigiza. Naomba nafasi nimjibu, maana hofu aliyo nayo si ya bure, ila ameielekeza kwenye jukwaa lenyewe ilhali hatari kubwa iko nyuma ya pazia.

Sababu yetu ya kusomesha nyumbani haikuwa kuwaficha watoto. Tulitaka Neno la Mungu liwe sehemu ya kazi ya asubuhi kama hesabu ilivyo, na tulitaka kuwa nao kwa saa za kutosha kabla hawajakua wakaenda zao. Tunatumia mtaala wa Accelerated Christian Education, ambao familia nyingi za Kikristo nchini huuita ACE, ulioanzia Texas, Marekani, mwaka 1970. Ni mtaala wenye nidhamu: kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto hujiwekea lengo la kurasa za siku, hujisahihisha kazi yake, na haendelei na kijitabu kingine mpaka apate angalau asilimia 80 katika mtihani wa kile alichomaliza. Naupenda mtaala huu, lakini sitaupamba. Anayesoma kwa njia hiyo hukaa peke yake na penseli yake akijaza mapengo, na jibu sahihi huwa limekwisha kuandikwa mahali likimngoja. Hakuna kinachomlazimu kungoja zamu, kusema jambo mbele ya watu wasiomjua, wala kuvumilia kukosolewa na mtu asiye mama yake. Wazazi tunaosomesha nyumbani tunalijua pengo hilo, ingawa hatupendi kulitaja mbele ya majirani, ambao tayari wana maswali ya kutosha.

Binti yetu alijiunga na kikundi cha vijana kinachozunguka kuigiza vitabu teule vya fasihi kwa wanafunzi wa sekondari, akapewa nafasi ya msichana anayemwibia bibi yake pesa kisha akamkana. Jioni moja nilimkuta jikoni akikanda unga wa chapati huku akirudia maneno manne tu, "Mimi sijui lolote, nyanya," mara akiyasema kama mtu aliyeingiwa na woga, mara kama mzoefu wa kudanganya, mara kama mtu aliyekaribia kuungama. Kisha akaniuliza, "Mama, kati ya hawa watatu, nani ametenda dhambi kubwa zaidi?" Tulilizungumza swali hilo mpaka chapati zikapoa, na baba yake aliporudi kazini tukalianza upya. Sijawahi kuliona swali la aina hiyo likitoka kwenye kijitabu cha kujaza mapengo.

Msomaji yule anahofia kwamba mtoto anayeigiza uovu ataingiwa nao. Namwomba akumbuke kwamba kila Desemba, katika makanisa yetu karibu yote, kuna mtoto wa shule ya Jumapili anayevikwa kilemba na joho la kanga akawa Herode, akaagiza watoto wa Bethlehemu wauawe, na waumini wakampigia makofi, mchungaji akiwa wa kwanza. Wakati wa Pasaka mwingine huwa Yuda. Sijasikia mzazi akiitwa mbele ya baraza la wazee kwa sababu mwanawe alikuwa Herode hodari. Kama kuigiza uovu ni kuushiriki, basi tuanze kwa kufuta igizo la Krismasi. Na kama si hivyo, tueleze ni kwa nini kinachokubalika ndani ya kuta za kanisa kinageuka dhambi mtoto anapokifanya katika ukumbi wa shule kwa maandalizi bora zaidi.

Maandiko yenyewe hayana haya na jambo hili. Nathani hakumjia Daudi na mashtaka. Alimsimulia kisa cha tajiri na kondoo wa maskini, akamwacha mfalme akasirike na kumhukumu mtu ambaye kumbe ni yeye mwenyewe. Ezekieli aliagizwa achore mji wa Yerusalemu juu ya tofali, auzingire, na alale kwa ubavu mmoja siku 390 mbele ya macho ya watu. Agabo alijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo ili walioko waone yatakayompata. Ni kweli kwamba Tertuliani wa Karthago, mwandishi Mkristo wa kale, yapata mwaka 200, aliandika kwa ukali dhidi ya maonyesho, lakini maonyesho ya wakati wake yaliandamana na ibada za miungu na umwagaji wa damu kiwanjani, na Mkristo alikuwa na kila sababu ya kukaa mbali. Karne nyingi baadaye ni kanisa lenyewe la Ulaya lililoyarudisha maigizo kwa watu, na wanakijiji wa Oberammergau, Ujerumani, wameigiza mateso ya Kristo tangu mwaka 1634, watoto wa kijiji wakiwa miongoni mwa waigizaji, kutokana na nadhiri ya wazee wao wakati wa tauni.

Hata hivyo sisemi kwamba lolote linaloandikwa linamfaa mtoto. Nyumbani kwetu hakuna majaribio ya kutafuta nafasi kabla mimi au mume wangu hajasoma mchezo wote, mwanzo hadi mwisho, si kurasa za mtoto peke yake. Tulikataa nafasi katika kipindi cha vichekesho ambamo mtoto alitakiwa kumtukana bibi yake na kicheko chote kikategemea tusi hilo. Mwongozaji alitushangaa, kwa kuwa alijua binti yetu amekwisha kuigiza mwizi na mwongo. Kwetu tofauti ilikuwa wazi: katika mchezo wa kwanza uongo wa yule msichana unamgharimu, na watazamaji wanaondoka wakiijua gharama, katika ule wa pili tusi ndilo utamu wenyewe. Mzazi mwingine Mkristo huenda angeuweka mpaka mahali pengine, na sina ugomvi naye. Nina ugomvi na asiyesoma mchezo kabisa, awe anakataa au anakubali.

Hayo ni mambo ambayo mzazi anaweza kuyaamua mezani kwake. Kuna mengine asiyoyaweza peke yake, nayo ndiyo ningetamani msomaji yule ayaandikie barua. Mwaka jana binti yetu alichaguliwa kushiriki tangazo la televisheni jijini Nairobi. Watoto waliambiwa wafike saa kumi na moja alfajiri, na saa mbili usiku bado walikuwa pale, wengine wamelala juu ya mabegi ya maleba. Hapakuwa na chumba cha watoto kubadilishia nguo. Mkataba ulikuwa karatasi moja, na kifungu kirefu kuliko vyote kilihusu haki ya kampuni kuitumia sura ya mtoto popote, kwa muda usio na kikomo. Niliwaona wazazi wakiutia saini wakiwa wamesimama, karatasi wameiegemeza ukutani, kwa sababu gari la vifaa lilikuwa likisubiri. Sisi tulikataa kifungu hicho, kikaandikwa upya kuwa mwaka mmoja. Malipo yetu yalichelewa sana, na ya mama mmoja tuliyefahamiana pale, naye akisomesha nyumbani, hayakufika kabisa.

Nilimshauri mama huyo alipeleke lalamiko lake katika ofisi ya kazi. Akakataa katakata. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na inamruhusu wa kati ya miaka 13 na 16 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kuhudhuria masomo, kwa hiyo alikuwa na msingi wa kulalamika. Alichoogopa ni swali ambalo afisa angelitanguliza: mtoto huyu anasoma shule gani? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazungumzia shule za umma na za kibinafsi, na inampa mzazi asiyempeleka mtoto shuleni faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sisi tunaosomesha nyumbani tunaishi katika kivuli cha maneno hayo, na wapo waajiri wanaokijua kivuli hicho vizuri. Mtoto wa shule ana mwalimu mkuu atakayeuliza alikuwa wapi Jumanne. Wetu hana mtu wa nje wa kuuliza, na mzazi wake akidhulumiwa hunyamaza.

Tena, ukimya huo unaweza kumdhuru mtoto kutoka upande wetu sisi wazazi. Mama ambaye ndiye mwalimu, ndiye meneja, na ndiye anayepokea pesa, ana mamlaka ambayo hata Mkristo mwema hapaswi kuachiwa bila mtu wa kumwangalia. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza pamoja na Charlie Chaplin katika filamu ya mwaka 1921, alichuma mamilioni ya dola, na alipofika utu uzima akakuta mama yake na baba yake wa kambo wameyatumia. Kisa hicho ndicho kilicholeta sheria ya California ya mwaka 1939, na leo asilimia 15 ya mapato ya mwigizaji mtoto katika jimbo hilo hutengwa katika akaunti ambayo mzazi haigusi. Uingereza nayo haimwachii mzazi kila kitu: baraza la mtaa hutoa leseni ya mtoto kuigiza, mlezi aliyeidhinishwa hawezi kuangalia watoto zaidi ya 12, na mtoto anayekosa shule kwa sababu ya kazi hiyo lazima afundishwe, kwa kawaida saa tatu kwa siku. Sidai kwamba tuige kila kitu. Lakini Kenya ina Katiba ambayo kifungu cha 53 kinatanguliza maslahi ya mtoto na kumkinga dhidi ya kazi ya kinyonyaji, na sioni kigumu katika kuwa na kibali chepesi, kinachotolewa na afisa wa watoto wa kaunti, kinachotaja saa za kazi, mlezi aliyepo, na akaunti ya mtoto. Kibali hicho kiulize mtoto anasoma wapi na vipi kwa nia ya kulinda saa zake za masomo, bila kumtisha mzazi.

Wizara ya Elimu nayo ina neno la kusema. Tamasha la kitaifa la drama, ambamo watoto wengi wa nchi hii wameonja jukwaa kwa mara ya kwanza, hushirikisha shule na vyuo, hivyo mtoto wa nyumbani hana pa kuingilia na huishia kutafuta nafasi katika matangazo na vipindi, mahali ambapo ulinzi ni mdogo zaidi. Serikali yenyewe imeitambua sanaa hii: katika mtaala wa umilisi, wanafunzi wa sekondari ya juu walioanza Gredi ya 10 Januari 2026 wanaweza kufuata mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo uigizaji na filamu ni somo. Shule ya jirani ikiruhusiwa kumsajili mtoto wa nyumbani kwa ajili ya tamasha peke yake, wengi wetu tungempeleka kesho, hata kwa kulipia.

Kuhusu makofi, nitasema kwa ufupi. Watu hunitajia Lupita Nyong'o, aliyeigiza Juliet na kundi la Phoenix Players jijini Nairobi akiwa na miaka 14 na akatwaa Oscar mwaka 2014, kana kwamba huo ndio mpango wetu. Husahau kwamba baina ya miaka hiyo alisoma hadi chuo kikuu cha Yale. Binti yetu anasema anataka kuwa daktari wa mifugo. Anaigiza kwa sababu ana kipawa, na sisi tulifundishwa kwamba kipawa hakizikwi ardhini.

Kanisa letu limekubali kukipa kikundi ukumbi wa mazoezi Jumatano na Jumamosi, kwa sharti kwamba mshirika mmoja mtu mzima awepo tangu mtoto wa kwanza afike hadi wa mwisho achukuliwe na mzazi wake. Mwongozaji alilikubali sharti hilo papo hapo, na ameondoa mazoezi ya Jumapili yote. Hadi ninapoandika, aliyejitolea ni mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, ambaye ameshika zamu za Jumamosi. Za Jumatano bado ziko wazi, kuanzia saa tisa alasiri, na kama msomaji yule anaishi karibu na Nakuru, tutampokea.

Mama anayesomesha nyumbani,
Nakuru